Kifuko cha Satini

Fundi cherehani mmoja alikuwa hawezi kuvumilia kitu chenye sura mbaya nyumbani kwake. Hata redio ya mumewe, dereva mstaafu wa lori, aliishonea nguo. Kwa hiyo sukari ilipompanda mzee, nesi wa kliniki akawapa mashine ndogo na kikopo cha vijiti vya kupimia damu, fundi alikitazama kile kikopo cheusi mara moja tu. Akavimwaga vijiti vyote kwenye kifuko cha satini, akakitundika jikoni karibu na birika, mahali ambapo asingeweza kusahau.

Na kweli hakusahau. Kila asubuhi alimtoboa mzee kidole, naye mzee akalalamika kwamba kumbe ameoa mbu. Kwa miezi miwili mashine ilisema sita, saba, siku nyingine tano. Walifurahi mno, maskini. Mzee akajipunguzia dozi ya sindano zake za insulini, fundi akakubali. Kidonda kilichotokea mguuni walisema ni cha kiatu.

Kilipoanza kunuka wakarudi kliniki. Mashine ya nesi ikasema ishirini na sita.

"Hii yenu mbovu, mwanangu," fundi alisema, akatoa kifuko chake.

Nesi alikipokea, akakigeuzageuza. "Mama, kikopo chake kiko wapi?"

"Nilikitupa. Cha nini?"

Nesi akamweleza polepole, mzee akiwa ameshapelekwa chumba cha pili kusafishwa kidonda. Ncha ya kila kijiti imepakwa kimeng'enya, ambacho kazi yake ni kuichoma sukari iliyo kwenye damu. Mashine hupima nguvu ya kuungua huko. Kikopo hukilinda na unyevu. Kimeng'enya kikipata mvuke hufa, na mashine husoma sukari kidogo hata damu ikiwa imejaa.

Wanaosema majuto ni mjukuu hawakumwona fundi siku ile. Yake yalifika papo hapo, yakamkalisha chini sakafuni.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Fundi alikaa kando ya kitanda siku tatu, akiliahirisha ungamo lake: atamwambia akizinduka, atamwambia akishakunywa uji, basi kesho. Mzee hakuwa na habari.

Siku ya nne daktari alipita na faili, akauliza ni nani aliyekuwa akimpima sukari nyumbani.

"Mke wangu huyu," mzee alisema, akamshika mkono. "Andika hapo, daktari. Hajaruka hata siku moja."