Nani Amshike Mzee

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari hizi. Anayezijua vizuri ni mwalimu wa chuo kikuu aliyeniajiri. Yeye ana shahada, mimi nina darasa la saba. Lakini yeye aliandika kwa Kiingereza, akiwaandikia wenzake, na siku ile mimi nilikuwepo. Basi nitaandika nilichokiona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, upande wa Nyamira. Mwalimu alikuwa Mgusii wa kwetu kabisa, aliyesoma mpaka akafika ng'ambo, akarudi kufundisha Nairobi mambo ya afya ya watu wa vijijini. Utafiti wake ulikuwa huu: mtu akipigwa na kiharusi, hospitali inamlaza, kisha inamtoa, na huko nyumbani analala mpaka mguu unakauka. Alitaka kuonyesha kwamba watu wa nyumbani wakifundishwa mazoezi, mgonjwa anaweza kusimama tena. Katika kila nyumba alitafuta mtu anayekaa karibu na mgonjwa na asiyeenda mbali mchana, akasema huyo ndiye afundishwe. Mimi nilipita nyumba hizo kwa baiskeli, nikionyesha mazoezi na kuangalia kama yanafanywa.

Sasa, kwa jinsi tunavyojenga sisi, anayekaa karibu na mzee na haendi mbali mchana ni mke wa mwanawe. Wana wako kwenye mashamba makubwa ya chai Kericho, au mjini. Mabinti wameolewa. Mzee ninayemwandika alikuwa amefiwa na mkewe, na kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kushoto. Mkaza mwanawe alikuwa mama kijana, mchapakazi, akichuma maua ya pareto asubuhi na kurudi kumpikia uji. Akishaupika anauweka juu ya kigoda, anarudi nyuma, ndipo mzee ananyoosha mkono. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, na baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaita chinsoni. Anayeivunja haaibiki peke yake. Watu husema madhara yake yatawafuata mpaka watoto.

Na zoezi lilitaka amshike mzee kiunoni, bega lake likiwa chini ya kwapa la mzee.

Nilimwambia Mwalimu. Nilimwendea Nyanchwa, alikokuwa akilala akija huku, ingawa labda sikueleza sawasawa maana nilikuwa namwogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema wauguzi hospitalini ni wake za watu, na kila siku wanawaosha wazee wa Kigusii. Akasema mguu hausubiri mila. Nisimseme vibaya: hilo la mguu lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu, nikaona kisigino kinaanza kukataa kugusa chini. Siku niliyofika mimi mzee alisimama. Siku nyingine zote alilala, na nilikuwa nafika mara moja kwa juma.

Kisha ikaja habari kwamba msimamizi wa Mwalimu, daktari mmoja Mzungu wa pale chuoni, anakuja kuona nyumba moja kwa macho yake, ndipo aamue kama kazi iendelee au ifungwe. Ikachaguliwa nyumba hii, kwa kuwa gari lingeweza kufika. Jana yake Mwalimu alikuja akamwita yule mama uani. Akamweleza kwa upole kwamba kesho atamshika mzee, watatembea kutoka mlangoni mpaka ghalani, na ni hivyo tu. Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nililitambua itikio lile: ni la kumheshimu mgeni mpaka aondoke. Kama Mwalimu alilitambua pia, sijui.

Siku yenyewe uwanja ulikuwa unateleza kwa mvua. Daktari alipewa kiti na chai, akanywa, akashukuru. Mzee tulimketisha mlangoni. Mwalimu akamwita mama. Alikuja amejifunga leso, mikono ameificha ndani yake, akasimama mbali kidogo. Mzee akawa anatazama migomba. Mwalimu akarudia maneno yake kwa sauti ya chini, lakini niliona shingo yake imetoka jasho. Daktari akaweka kikombe chini.

"Mwalimu," mama akasema, "mimi nina watoto."

Mwalimu akageuka, akawa anamsihi mzee sasa. Akamwambia kwamba yeye kama mzazi akimruhusu mama, basi hakuna ubaya, na kwamba wageni wametoka mbali. Mzee alimwacha amalize.

"Baba yako akija kwako Nairobi," akauliza, "analala wapi?"

Mwalimu akasema, "Kwa mtu wa ukoo wetu."

"Nyumba yako ni ndogo?"

"Si ndogo, mzee."

"Kumbe unajua."

Nilimwonea Mwalimu huruma. Angeweza kumdanganya daktari; pale ni yeye peke yake aliyekuwa anajua lugha zote mbili vizuri. Badala yake alisimama mbele yake akaeleza kwa Kiingereza, maneno mengi. Mimi nilishika moja tu, lile la kosa, na kila alipolitaja alijigusa kifua. Daktari akauliza kitu kifupi. Mwalimu akamgeukia mzee.

"Basi nani akushike?"

"Yupo mmoja," mzee akasema, na mama akainua kichwa haraka.

Alikuwa ndugu yake, mtoto wa mama mwingine, anayekaa ng'ambo ya kijito. Lokesheni nzima ilijua kwamba hawasemezani tangu walipopelekana kwa chifu kwa sababu ya mpaka wa shamba.

"Mama watoto," mzee akasema bila kumtazama, "mwite mtu yule. Usimwambie naomba. Mwambie kuna wageni."

Mama akaenda mbio. Tukangoja. Daktari alitazama saa, dereva akatazama mawingu, Mwalimu akasimama na koti mkononi kama mtu aliyesahau pa kuliweka. Mimi niliwaza kwamba asipokuja, kazi imeishia hapa, na mguu ule pia.

Alikuja na panga. Nikashtuka, lakini nadhani alikuwa anatoka kukata majani ya migomba tu. Akaliegemeza ghalani, akamtazama ndugu yake kwa muda.

"Nilisikia umelala. Nikasema, mtu anayehamisha miti ya mpaka atalalaje?"

"Miti ilihama yenyewe," mzee akasema. "Nishike."

Nikamwonyesha pa kuweka mkono na bega. Wakainuka. Hatua ya kwanza mguu uliteleza, wote wawili wakayumba, na Mwalimu akaruka mbele kisha akajizuia.

"Unanilemea makusudi," ndugu akasema.

"Ungekuwa na nguvu usingejua kama nakulemea."

Wakafika ghalani. Mzee alikuwa anahema, uso umelowa.

Jibu la daktari halikutolewa siku ile. Baadaye Mwalimu aliambiwa aendelee, lakini aanze upya, na kazi yote ya nyuma isihesabiwe. Nasikia wenzake walipandishwa vyeo kabla yake. Hakuniambia kama iliuma. Alirudi, tukazunguka tena nyumba zote, na safari hii alimuuliza kila mgonjwa mwenyewe ni nani anayeruhusiwa kumgusa. Wengine walikuwa na jibu. Wengine hawakuwa na mtu, na hao hatukuweza kuwasaidia. Hilo nalo lazima niliandike.

Juma lililofuata nilipofika kwa mzee, nilimkuta ndugu yake amenitangulia. Walikuwa katikati ya uwanja wameshikana, wakigombana kuhusu ule mpaka, na mama akapita mbali na kikapu chake cha pareto. Nilipowaambia wapumzike, mzee akakataa. Alitaka apelekwe mpaka kijitoni, akaione hiyo miti kwa macho yake.

"Huko sikupeleki," ndugu yake akasema. "Huko utakwenda kwa miguu yako mwenyewe." Akamkaza kiunoni, akamgeuza, wakaanza tena kutoka mlangoni.