Bi Mwanahawa na Maiti Asiye na Jina

Katika kijiji cha Nachitulo, kando ya barabara ya vumbi itokayo Nanyamba kwenda Mtwara mjini, haukuwahi kutokea msiba ambao Bi Mwanahawa binti Chikawe hakuuhudhuria. Akiwa shambani akasikia kilio, jembe hubaki palepale kwenye tuta la mihogo. Akiwa jikoni, chungu humwachia jirani. Yeye ndiye aliyeosha maiti za wanawake tangu mama yake alipozeeka, na yeye ndiye aliyeanzisha kilio, kwa sauti ambayo hata watu wa kijiji cha pili waliitambua, wakajifunga kanga viunoni kabla hawajaambiwa nani amefariki.

Wapo waliosema anafuata pilau. Haikuwa hivyo. Mumewe alikwenda Tanga kukata mkonge wakati binti yao Amina angali mgongoni, akafia hukohuko. Habari zilipofika, mazishi yalikuwa yamekwisha zamani. Aliyezileta alisema marehemu alizikwa na watu wengi, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu yake. Maneno hayo yalimkaa Bi Mwanahawa moyoni. Tangu hapo hakuweza kuvumilia kuona maiti akipita bila mtu wa kumlilia.

Basi mwaka wa sitini na nane, msimu wa korosho, mabibo yametapakaa chini ya kila mkorosho na nzi wamelewa kwa harufu yake, lori moja kuukuu liliingia Nachitulo likifuka moshi mbele badala ya nyuma. Likazimika mbele ya nyumba ya Bi Mwanahawa. Dereva akaruka, akafungua boneti, mvuke ukamtimua. Nyuma ya lori walikaa wanaume wawili, na katikati yao jeneza lililofunikwa shuka jeupe.

Bi Mwanahawa alikuwa anaanika makopa ya muhogo. Akaacha. Akatafuta kwa macho mwanamke mmoja tu aliyefuatana na maiti, asimwone. Kilichomkata maini zaidi ni kwamba mmoja wa wale wanaume, pande la mtu, alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya jeneza kama yuko mezani, anatafuna muwa.

"Poleni, wanangu. Nani ametutoka?"

Wakatazamana. Yule mwingine, mwembamba mwenye kofia ya viua, akajikohoza. "Mzee wetu, mama. Mzee Mohamedi. Tunampeleka Chikongola, mjini, kwa ndugu zake. Tunaomba maji ya gari tu, twende zetu."

Huyu mwembamba aliitwa Issa. Pande la mtu lilikuwa Petro, kuli wa bandarini, mtu wa bara aliyefuata kazi Mtwara na hakuwa amekaa muda mrefu.

"Maji yapo," alisema Bi Mwanahawa. "Lakini maiti haachwi juani, mwanangu. Na haachwi bila kilio."

Issa alifungua mdomo kumzuia. Alichelewa. Sauti ya Bi Mwanahawa ilikuwa imekwisha panda juu ya mapaa, ikavuka mikorosho, ikashuka bondeni. Nachitulo nzima ikaja. Wanaume walikuja na makapu ya korosho mkononi, wanawake wakaja wanalia tayari. Kabla Issa hajateremka, jeneza lilikuwa mabegani mwa watu, linaelekea msikitini.

"Mzito!" alisema mmoja wa wabebaji.

"Alikuwa mnene," Issa akajibu, akikimbia pembeni.

"Mbona analia? Sikilizeni. Chwa, chwa, chwa."

"Tumbo hilo. Alikufa kwa tumbo."

Nyuma, pembe ya kushoto, alibeba Athumani. Athumani alijulikana Nachitulo kwa jambo moja, kwamba penye kinywaji hakosekani, na penye kazi haonekani. Siku hiyo alishika jeneza kwa sababu lilipita mbele yake tu. Desturi ni kwamba mtu hubeba hatua chache akampokeza mwingine, wote wapate thawabu. Lakini tone moja lilimdondokea Athumani begani. La pili likamwangukia mdomoni. Akalilamba bila kufikiri, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali.

"Lete nikupokee," alisema jirani yake.

"Niache!" alifoka Athumani, machozi yakimtoka. "Niache na mzee wangu! Mzee Mohamedi, baba yangu, ulikuwa wapi siku zote hizi!"

Bi Mwanahawa alimsikia, akaguswa. Alijilaumu kimoyomoyo kwa mabaya yote aliyowahi kumsema Athumani.

Mbele ya msikiti jeneza likatuliwa. Shehe Hamisi, imamu wa kijiji, aliwatazama wale wageni kwa huruma. "Gari lenu bovu, jua kali. Maiti huharakishwa. Tumzike hapahapa. Chikongola kuna udongo gani usiokuwepo Nachitulo? Vijana wamekwisha kwenda na majembe."

Issa alilowa jasho mpaka kofia. Petro akaona ni wakati wa kumsaidia mwenzake.

"Haiwezekani, mzee," alisema. "Mama mkwe wangu mwenyewe aliusia azikwe mjini."

Watu wote wakamgeukia.

"Mama mkwe?" aliuliza Shehe Hamisi taratibu. "Ngoja, wanangu. Maiti wa kiume husaliwa imamu akisimama usawa wa kichwa, wa kike usawa wa kiuno. Lazima nijue. Huyu ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume," alisema Issa.

"Mwanamke," alisema Petro, kwa wakati uleule.

"Ni mzee," akasema Issa, "wa kike."

"Aitwaye Mohamedi?"

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama na wanawake wenzake ng'ambo ya njia. Aliposikia hayo alivuka, kanga kichwani. "Kama ni mwanamke, ni wangu. Nani alimwosha?" Issa akatazama viatu vyake. "Hakuoshwa! Nilijua tu. Mleteni uani kwangu."

Maiti akaingizwa uani, wanaume wakatoka, mlango wa makuti ukafungwa. Wakabaki yeye na jirani yake Mariamu, na ndoo ya maji. Bi Mwanahawa alipiga bismillahi, akainama, akasema maneno aliyomwambia kila maiti: "Nisamehe, mwenzangu, ni mikono yangu tu." Kisha akafunua shuka.

Penye kichwa palikuwa na chungu kilichofungwa kilemba. Kuanzia kifuani hadi miguuni yalipangwa madebe matatu, yamefungwa sanda vizuri kabisa, na debe la mwisho lilizibwa kwa gunzi ambalo lilikuwa limelegea. Harufu ya gongo, ile pombe haramu ya mabibo, iliwapiga machoni.

Bi Mwanahawa alikaa chini. Kwanza alihisi aibu, ikapanda mpaka masikioni. Alikuwa amelia kwa dhati, kamasi na machozi, amemlilia debe! Halafu hasira. Halafu akamtazama Mariamu, aliyejiziba mdomo kwa mikono miwili na macho yamemtoka, akamkumbuka Athumani na "baba yangu" yake, na kicheko kikaja kutoka tumboni kama maji ya mvua. Walicheka wakashikana, wakaegemea ukuta. Watu wa nje wakadhani kilio kimezidi, wakatikisa vichwa.

"Tuite polisi?" Mariamu aliuliza alipopata pumzi.

"Subiri. Msiba ni msiba."

Akatoka, kanga imefunika uso, mabega yakimtetemeka. "Nimemwona marehemu," alisema. "Ni kweli hana jina. Nimeosha wengi, jamani, lakini huyu amekufa amejaa gongo mpaka kooni."

Shehe Hamisi aliingia uani, akasikika akisema astaghfirullah, akatoka akageukia ukuta, akakaa hapo kitambo huku ndevu zikimcheza. Wakati huohuo injini ya lori ikanguruma. Dereva alikuwa amepata maji yake. Vumbi lilipotulia, hakukuwa na lori.

"Nyinyi ndio ndugu zake?" Bi Mwanahawa aliwauliza.

"Hapana!" alisema Petro. Akaitazama ile duara ya watu na majembe yao. "Ndiyo, mama."

"Basi mtamzika wenyewe. Si makaburini, makaburini wamelala watu. Pale, kando ya barabara."

Wakachimba. Petro alichimba kama mashine. Issa alitoka malengelenge mapema. Shimo lilipofika kiunoni, madebe yakaletwa, na watu watatu wakamshika Athumani.

"Sasa lieni," alisema Bi Mwanahawa. Hakuwa anacheka tena. "Sisi tumewalilia mtu wenu, na machozi yetu yalikuwa ya kweli. Wanawake hawa wameacha kazi zao. Lieni na nyinyi."

Issa akajaribu, ikatoka sauti ya mbuzi. Lakini debe la kwanza lilipoinamishwa na gongo ikaanza kunywewa na mchanga, Petro alilia kwelikweli. Athumani akamwitikia. Hapo Nachitulo ikashindwa kujizuia, vicheko vikapaa, watu wakakaa chini njiani kushika mbavu.

Likabaki jeneza. Issa alikiri kwamba aliliazima kwenye msikiti wa kijijini kwao, huko juu upande wa Nanyamba, kwa kusema baba yake amefariki.

"Mtalirudisha," alisema Bi Mwanahawa. "Kwa miguu."

Wakalichukua kichwani, Issa mbele, Petro nyuma. Yaliyowapata njiani yalisimuliwa baadaye na kila kijiji kwa namna yake. Maana jeneza halipiti hivihivi katika nchi ile. Kila walipopita watu waliacha kazi, wakaja kupokea mzigo wapate thawabu.

"Mbona mwepesi huyu?" waliuliza mahali pamoja.

"Tumeshamzika," alijibu Petro, amechoka hata kudanganya.

"Sasa mnampeleka wapi?"

Walipofika, msikitini palijaa watu. Wanawake walikuwa wanapika, na askari mmoja, rafiki wa familia, alikuwa amekuja kutoa rambirambi. Barazani, amekaa kwenye mkeka na bakora yake, alikuwa Mzee Likwama, baba yake Issa, mzima wa afya.

"Issa, mwanangu," alisema. "Nasikia nimekufa. Karibu unieleze ilikuwaje."

Issa aliona sare ya askari, akadhani mambo yamekwisha julikana. Akaeleza yote, la gongo na la madebe, hapohapo mbele ya wote, wakati yule askari hajauliza lolote zaidi ya kuomba maji ya kunywa. Walifungwa yeye na Petro, si kwa muda mrefu. Inasemekana bakora ya mzee ilitangulia.

Mavuno ya korosho yalipoisha, Mzee Likwama alishuka Nachitulo na kapu la korosho zilizobanguliwa, akauliza nyumba ya Bi Mwanahawa. Alimkuta amezungukwa na wanawake waliokuja kumchukua kwenda kwenye harusi Mtwara. Siku hizo aliitwa harusini kuliko misibani, maana kila bibi harusi alitaka kile kisa kisimuliwe wageni wakisubiri chakula, na yeye mwenyewe hakuweza kufika penye gunzi kabla kicheko hakijamzidi.

Mzee alimshukuru kwa kumrudishia mwanawe. Akala muhogo, akanywa chai, na alipoinuka kuaga akasema, "Nikifa kweli, dada yangu, na wewe uje."

"Nitakuja, kaka," alisema Bi Mwanahawa. "Ila shuka nitafunua kwanza."

Mzee Likwama alicheka mpaka akalazimika kukaa tena, wakamwongezea chai.