Nyuma ya Vyeti vya Oneida

Kila Oktoba, Oneida Sizemore alipokaa mezani kuhuisha leseni yake ya uuguzi, mumewe Delmar alivuta kiti akaketi ubavuni pake, karibu kiasi cha kumpumulia shingoni. Alisubiri swali moja tu kwenye ile fomu. Likifika, alilisoma kwa sauti ya mhubiri: "Tangu ulipohuisha mara ya mwisho, umeshtakiwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai?" Kisha alimdunga mkewe kidole kwenye mbavu, pale palipokuwa bado pabichi, akacheka.

"Jibu, nesi. Ndiyo au hapana?"

"Hapana."

"Hapana. Na ukitaka ibaki hapana, hiyo mikono yako ikae mezani."

Sisi wa bonde lile la mashariki ya Kentucky tulimjua Delmar vizuri. Tulicheka mizaha yake, tukala nyama ya kulungu aliyowinda. Tulimwona pia Oneida amevaa nguo za mikono mirefu katikati ya Julai, jua likiwaka. Tulijua, tukajifanya hatujui, na sina neno la kututetea.

Kofi la kwanza alilipata siku leseni ilipofika. Alikuwa na miaka ishirini na minne, binti wa mchimba makaa aliyekuwa akifa kwa vumbi la mapafuni, wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo. Mtihani wa serikali ulimtetemesha hadi akatapika kwenye maegesho, lakini alifaulu. Bahasha ilipokuja, kadi ilikuwa imeandikwa jina la kwao, Oneida Gayheart, kwa kuwa aliomba kabla ya harusi. Delmar aliisoma mara mbili. "Nani huyu Gayheart anayelala kitandani kwangu?" akauliza, akampiga hadi akaanguka juu ya jiko. Jumatatu yake wakaijaza pamoja fomu ya kubadili jina. Namba ya leseni ilibaki ileile.

Mwaka wa pili alimfungia mlango wa gari vidoleni, makusudi. Vidole viwili vilivunjika. Oneida alijifunga mwenyewe, akakaa kwenye sakafu ya bafu, na karatasi pekee iliyokuwa karibu ilikuwa cheti cha mafunzo. Muuguzi hawezi kuhuisha leseni bila saa zake za mafunzo kila mwaka, na vyeti lazima avitunze, maana bodi ya wauguzi inaweza kuviomba wakati wowote. Akakigeuza, na nyuma yake akaandika kwa penseli alivyozoea kuandika kazini, bila chozi:

Mwanamke, miaka 26. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimevunjika. Uvimbe, rangi ya zambarau. Chanzo: mlango wa gari, uliofungwa na mume. Hatua iliyochukuliwa:

Hapo akaishia. Mstari wa mwisho, ambao kazini hakuwahi kuuacha mtupu kwa mgonjwa yeyote, aliuacha mtupu.

Basi ikawa ndiyo mtindo wake. Miaka ishirini, kila kipigo kikaingia nyuma ya cheti kimojawapo: urefu, upana, rangi, chanzo. Cheti cha kuzuia maambukizi kilikuwa na jino lililong'oka. Cha usalama wa dawa kilikuwa na alama ya kuungua begani. Faili la vyeti lilikaa juu ya friji, wazi kabisa, na Delmar hakuligusa hata siku moja. Alichukia kila kilichonuka shule.

Mwaka huu tarehe ishirini na sita, maharage yakichemka na mkate wa mahindi ukiwa ndani ya jiko, swali lilifika tena kwenye kompyuta. Delmar alilisoma. Oneida alikuwa amechoka. Mchana huohuo mgonjwa mlevi alikuwa amemtemea damu usoni. Akajibu "hapana" kabla hajaulizwa.

"Unanikatiza?" Delmar akafunga kompyuta juu ya mkono wa mkewe kwa nguvu, akaiegemea kwa uzito wake wote. "Nipige basi. Si una hasira? Nipige, tuone kama kesho utakuwa nesi."

"Delmar, naomba mkono wangu."

Alimwachia mkono, akamkamata koo. Akambana ukutani hadi visigino vikaacha sakafu. Oneida alijua mtu aliyekabwa huzimia baada ya sekunde ngapi, maana ndiyo kazi yake. Alihesabu hadi tisa. Kwenye kumi, macho yakianza kuingia giza, mkono wake ukapapasa jikoni ukakuta chuma cha kuchochea makaa.

Alimpiga begani, na wote wawili wakasikia mfupa ukikatika. Akampiga tena kichwani. Delmar alianguka juu ya kiti, kiti kikavunjika, damu ikaruka hadi kwenye mlango wa friji. Oneida aliinua chuma mara ya tatu. Alitaka kummaliza. Alisimama hivyo, pumzi ikimkwaruza koo, akitamani kwa moyo wote, kisha akakitupa chini, akapiga magoti, akalikandamiza jeraha kwa taulo la vyombo hadi gari la wagonjwa lilipofika.

Askari alimkuta mwanamume amelowa damu na mwanamke amesimama. Shingo ya Oneida ilikuwa nyekundu kidogo tu. Michubuko ya kukabwa hujitokeza siku ya pili, na askari hakulijua hilo.

"Pole, Mama Sizemore," akasema, akimfunga pingu. "Aliyechanika ni yeye."

Kesho yake alidhaminiwa na Imogene Fugate, muuguzi mkuu wa zamu yao, mwanamke wa miaka sitini na tano mwenye mdomo mchafu na moyo mpana. Wakili aliyepangiwa na mahakama alimpa ushauri ambao kule kwetu kila mtu hupewa na kila mtu huufuata: kiri kosa dogo, hakuna jela, saa sita unakula nyumbani.

"Kwenye fomu yangu hakuna kosa dogo," Oneida akamwambia. Sauti haikuwa imerudi bado. "Kuna ndiyo na hapana. Kushtakiwa tayari ni ndiyo; hatia sitajiongezea. Sikiri."

Leseni ingekufa tarehe thelathini na moja. Na leseni ikifa, huruhusiwi hata kumpima mgonjwa mapigo ya moyo. Baba yake alikuwa amekufa, nyumba ilikuwa ya Delmar, watoto hawakujaliwa. Kilichokuwa chake duniani ni ile namba.

Delmar naye hakulala. Akiwa kitandani hospitalini, bega limefungwa, aliipigia bodi simu kumshtaki: mke wangu ni mtu wa fujo, hatari kwa wagonjwa, na hata hayo mafunzo yake ni ya uongo, kachunguzeni. Alijua anamkanyaga pale panapouma. Asubuhi iliyofuata Oneida akapata barua ya bodi kwenye simu: alete maelezo ya tukio kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na vyeti vyake vyote, kabla leseni haijaisha muda.

Mahakama ilikuwa imemkataza kusogea nyumbani bila askari. Akasindikizwa na yuleyule wa pingu. Delmar, ambaye alikuwa amesharuhusiwa, alitoka barazani, mkono kifuani.

"Umefuata nini, muuaji?"

"Faili langu. Lile la juu ya friji."

"Aa, vyeti vya msomi!" Akaingia, akatoka nalo kwa ule mkono mzima, akalivurumisha matopeni mbele ya miguu ya mkewe. "Chukua! Kawaoneshe ulivyosoma!"

Oneida aliinama akaliokota. Askari alitazama pembeni, lakini kabla ya hapo macho yake yalitua kwenye shingo ya Oneida, ambayo sasa ilikuwa nyeusi kwa alama za vidole vinne upande mmoja na kidole gumba upande wa pili.

Jikoni kwa Imogene walipanguza tope. Oneida alikuwa ameshika kalamu tangu asubuhi na hajaandika neno la maelezo. Imogene akaanza kupitisha vyeti kwenye mashine ya kunakili. Cha tatu kilimponyoka, kikaanguka kifudifudi. Akakisoma. Akageuza cha nne, cha tano, cha kumi, hadi cha mwisho.

"Oneida. Mgonjwa gani huyu?"

"Wa zamani."

"Nimekuuliza mgonjwa gani."

"Mimi." Akavuta karatasi kwa haraka. "Nakili mbele tu, Imogene. Nakuomba. Wakisoma nyuma watasema huyu hawezi hata kujilinda, atamlinda nani? Watu watanicheka hadi mjini Lexington."

Imogene alipiga meza, vikombe vikaruka. "Mtu akija kwetu na huu mwili, wewe unaandika nini mstari wa mwisho?"

Oneida alizidi kukusanya karatasi.

"Sema, mwanangu! Unaandika nini?"

"Polisi waarifiwe."

"Na hapa mbona patupu? Mara arobaini na moja, patupu!" Sasa Imogene alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. "Na mimi nimefanya kazi na wewe miaka kumi na nane, mjinga mimi, nakusifia mikono mirefu."

Wakanakili pande zote mbili. Kwenye fomu, Oneida alibonyeza "ndiyo" kwa mara ya kwanza maishani. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika sentensi moja: Tafadhali geuzeni kila cheti.

Simu iliita tarehe thelathini na moja, saa nne asubuhi. Alikuwa mama mmoja wa bodi, mwenye sauti kavu.

"Bi Sizemore, saa zako za mafunzo zimetimia. Zimezidi." Akakohoa. "Nimegeuza vyote. Mimi nilikuwa nesi wa dharura kabla ya kukaa ofisini. Leseni yako nimeihuisha sasa hivi. Kesi yako ikiisha tutaiangalia, hiyo ni sheria, siwezi kukudanganya. Lakini nakala asilia usimpe mtu yeyote ila polisi au mwendesha mashtaka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Oneida alitafuta jina lake kwenye tovuti ya bodi, pale alipozoea kupekua Delmar ili kumtisha. Namba ileile. Hali: hai. Akachukua cheti cha mwaka huu, akakigeuza, akaandika:

Mwanamke, miaka 46. Michubuko shingoni, vidole vitano, inageuka manjano. Chanzo: kukabwa na mume. Hatua iliyochukuliwa:

Alilamba ncha ya penseli.

Mgonjwa alijitetea. Polisi waarifiwe.

Akaliweka faili kwapani, akavaa fulana ya mikono mifupi, akamwomba Imogene ampeleke kwa askari kabla ya zamu ya mchana.