Baba Mkwe, Treni na Kidonge cha Asubuhi

Baba mkwe wangu alikuwa gadi wa treni kwenye reli ya Tanga kwenda Moshi tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Alipofiwa na mkewe, mume wangu, ambaye ni mwanawe wa pekee, hakukubali abaki Same peke yake. Tukamleta Minneapolis, kwenye nyumba yetu ya kupanga mtaa wa Phillips. Alifika mwezi wa nne, theluji ya mwisho ikiwa bado imelala kwenye pembe za barabara, chafu kama majivu. Siku za kwanza alikaa dirishani na koti lake, akiitikia shikamoo zangu tu. Kisha asubuhi moja akasikia kengele ya treni ya umeme ikipita, akageuka na kuniuliza stesheni iko wapi.

Nilimpeleka mwenyewe. Alisimama akaitazama treni kutoka kichwa hadi mkia, akataka kujua gadi wake anakaa wapi. Nikamwambia haina gadi, yuko dereva tu. Alisikitika kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba fulani haina mama. Tangu siku ile akawa anapanda karibu kila siku, peke yake, na daima alikaa kiti cha nyuma kabisa, behewa la mwisho, mahali pa gadi. Alifika hadi stesheni kuu ya zamani ya Saint Paul, akazunguka ule ukumbi wake mpana mikono ikiwa nyuma, akarudi. Jioni nikipika alinihadithia: wapi treni ilichelewa, nani alipanda na baiskeli, namna mto unavyoonekana kutoka darajani. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu na mara nyingi hakuwepo; watoto walimwelewa babu yao lakini walimjibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo msikilizaji nilikuwa mimi. Hadi leo nikikaanga vitunguu nasikia ile sauti yake ya taratibu ikitaja stesheni moja baada ya nyingine.

Presha waliigundua kliniki, alipokwenda kupimwa macho na mengineyo. Daktari alimwandikia kidonge kidogo cheupe cha kutoa maji na chumvi mwilini. Baba hakutaka mkalimani, alisema mkwe wake yupo. Mimi nililelewa kwamba baba mkwe unampisha mlangoni, na mambo ya mwili wake hayapiti kinywani mwako. Sasa daktari anataka nimuulize anakwenda haja ndogo mara ngapi, tena nimweleze kwamba dawa itaziongeza. Nilitazama viatu vyangu.

"Baba, daktari anasema kidonge hiki unywe asubuhi ukiamka. Kitakuletea safari za mara kwa mara."

"Safari," alisema, akitazama viatu vyake. "Nimeelewa, mama."

Tukachukua dawa, tukarudi nyumbani.

Choo chetu kilikuwa kimepakana na jikoni, na siku ambazo sikwenda ofisini Golden Valley nilifanya kazi kwenye meza ya jikoni. Nilimsikia akifungua mlango wa chumba chake, akiona nipo, akiufunga tena. Nikaanza kuhamia sebuleni asubuhi bila kusema kwa nini. Treni aliiacha. Alisema magoti yanamuuma. Nilijua si magoti, maana kwenye treni zile hakuna choo, lakini ningemwambiaje? Alirudi kukaa dirishani, na ile hadithi ya jioni ikakoma.

Joto la mwezi wa saba lilipopanda, akaanza kutoka tena. Nilifurahi. Nilidhani mwili umezoea dawa. Niliona tu kwamba chai ya asubuhi anaiacha kikombeni, na maji niliyomfungia kwenye chupa yanarudi yalivyo. Nilipomuuliza alisema hana kiu.

Siku aliyoanguka nilikuwa ofisini. Simu yake ilinipigia, lakini aliyezungumza alikuwa mama mmoja wa Kimarekani. Alisema mzee aliinuka kushuka kwenye treni, akapepesuka, akaanguka pale stesheni. Yuko macho, amekaa kivulini, na gari la wagonjwa linakuja. Sikumbuki barabara niliyopita kwenda hospitali. Nilimkuta kitandani na dripu mkononi, midomo imekauka, koti lake limekunjwa vizuri kwenye kiti. Aliponiona alijaribu kukaa wima. Nesi akamzuia kwa upole.

Nesi huyo alikuwa dada mtu mzima, mtaratibu. Alisema damu inaonyesha amepungukiwa sana maji na madini, na akisimama presha inashuka ghafla. Alihitaji kujua dawa anazinywaje. Nikafungua kinywa kutafsiri, nikamtazama baba, nikakifunga. Nadhani nesi alituelewa. Alichukua simu ya mkalimani, akaiweka kando ya mto, akaniomba nitoke kidogo. Mlango haukufungwa sawasawa. Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mwanamume wa Kongo, tena mchangamfu.

"Bonjour, papa. Hapa ni mimi na weye na infirmière, huyo nesi, tu. Unaendaka choo mara ngapi kwa siku?"

Halafu nikamsikia baba mkwe wangu akicheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu afike Marekani, na akaanza kusema. Alisema yote. Kwamba siku ya treni hanywi kidonge. Kwamba siku inayofuata anakunywa viwili, kufidia kile cha jana. Kwamba hanywi maji mpaka arudi nyumbani. Kwamba asubuhi ile alikuwa amekunywa viwili, na bado akaona hali ya hewa nzuri, akatoka. Na kwamba magoti kweli yalikuwa yanamuuma pia, akawa anameza dawa za maumivu za mwanawe alizozikuta kabatini.

Walizungumza muda mrefu. Nilisimama kwenye ukumbi nikitazama sakafu, nikaona machozi yananitoka, ingawa hakukuwa na jambo la kulilia tena.

Niliporudi ndani, ni yeye aliyenieleza, si nesi. Alijieleza kama anavyoeleza kanuni za kazi. Kidonge ni kimoja, kila siku, akiamka alfajiri kama alivyozoea. Kazi yake kubwa kinaifanya saa za mwanzo, kwa hiyo treni ipandwe baada ya chakula cha mchana. Akisahau siku moja, imepita, hafidii. Maji anywe kama daktari alivyosema, hasa kwenye joto. Akiinuka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda au kiti, ndipo asimame. Dawa za magoti asiguse mpaka aulize, maana zinapingana na hii na kuumiza figo. Akitapika au kuharisha, tupige simu kliniki kwanza. Na damu ipimwe tena kabla mwezi haujaisha.

"Na wewe, mama," aliongeza, "asubuhi fanya kazi zako jikoni. Hiyo ni nyumba yako."

Nilisema sawa baba. Nikamsaidia kuvaa koti.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka zaidi ya yote niliyoishi katika mji huu. Asubuhi alipita jikoni akienda na kurudi, nami nikiwa na kompyuta yangu, na hakuna aliyejificha. Mchana alikula, akachukua chupa yake ya maji, akatoka. Wakati wa vipupwe vikali alipanda vituo vichache tu, akarudi na barafu kwenye nyusi. Presha ilitulia. Na jioni, kitunguu kikiwa kwenye sufuria, hadithi zilirudi.

Hatimaye alitaka kwenda kwao. Alisema hataki kuzikwa mahali ambapo ardhi inaganda, na mume wangu hakubishana naye. Tulipeleka karatasi za kliniki hospitali ya kwao ili dawa isikatike, tukamuuliza mfamasia atainywaje siku ya safari. Mfamasia alisema ainywe kama kawaida. Mume wangu aliosha gari la kumpeleka. Baba akakataa, akasema uwanja wa ndege atakwenda kwa treni.

Tulikwenda naye sote wawili, mabegi yakiwa kati ya miguu yetu, behewa la mwisho. Uwanja wa ndege, kwenye kaunta ya tiketi, kijana alituuliza kama mzee anapenda kiti cha dirishani. Mume wangu alianza kujibu ndiyo. Baba akamgusa mkono, akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, watu wakiwa wamejipanga nyuma yetu:

"Mama, mwambie anipe cha upande wa njia, karibu na choo. Nitakojoa sana mimi."

Mume wangu aligeuka akanitazama, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nimekwisha anza kumtafsiria kijana.