Giza Chini ya Hadubini

Mama wa labo, mpima makohozi wa hospitali, hakuwa na haraka, hata bunduki zilie mtaani Gihosha. Alijifunika kitenge yeye na hadubini yake kuzuia mwanga, akawasha taa yake ya buluu ambayo, kwa vikwazo vya biashara nchi ilivyowekewa, ikiungua haipatikani nyingine, akahesabu kwa kunong'ona. Rangi yake iliwaka kwenye vijidudu vya kifua kikuu vilivyo hai tu. Miezi mitatu Tajudini, fundi magari aliyeugua kifua hicho, alisikia hesabu ikipungua, na jibu lilelile: "Bado, baba. Meza dawa."

Leo chini ya kitenge hakukusikika hesabu. Mama akapangusa kioo, akatazama upya, kisha akamvuta Tajudini ndani.

"Unaona nini?"

"Mi sioni kitu, mama. Giza tu."

"Ndiyo hivyo! Dawa imeua vyote."

Na mama huyo, ambaye sauti yake haikuwahi kuvuka mlango, akapiga vigelegele mpaka wagonjwa uani wakaitikia.