Waya Ulipohama Msumari

Bi Saumu wa Ujiji hakuwa mtu wa kukalia mkeka wa mwenzake. Akikaribishwa chai alisema ameshakunywa, hata kama jiko lake halikuwashwa tangu asubuhi. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomlea Asia, binti yake wa pekee, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, Uvira.

Vita ilipoingia Uvira watu walimiminika Kigoma kwa maboti, wamelowa, wengine na mtoto wa mtu mgongoni. Kila boti lilipofika Bi Saumu alishuka ufukweni kuuliza. Wapo waliomjua Asia, yule muuza vitenge, lakini huyu alimwona mara ya mwisho njia ya Fizi, yule alimwona anapanda milimani na wanawe. Baadaye maboti yakapungua, na watu wa kuulizwa wakachukuliwa kupelekwa makambini. Ikabaki redio.

Jioni, kabla ya magharibi, redio ilisoma majina. Fulani binti fulani yuko kambi fulani, anamtafuta mamaye. Saa hiyo hata waliokuwa wakigombana walinyamaza.

Redio Bi Saumu alikuwa nayo, ya marehemu mumewe Swaibu, ya kula betri nne. Ila betri zenyewe zilikuwa zimeadimika madukani, maana nani siku zile hakuwa na mtu wa kumsikilizia? Akafanya kama tunavyofanya wote. Mchana alizianika betri juu ya bati zipate joto, jioni akazirudisha. Zilipochoka kabisa aliokota nyingine kuukuu, akazipanga ndani ya kipande cha mwanzi na kukifunga nyuma ya redio kwa mpira wa baiskeli. Sauti ikishuka, unaongeza betri moja mwanzini. Ikishuka tena, unaongeza nyingine. Mkono wake ulishazoea, haukungoja kuambiwa. Mwisho mwanzi ukawa mrefu kuliko redio yenyewe, na msomaji akawa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi.

Ukuta wa pili alikaa Veneranda, Muha wa Mwandiga aliyeolewa mjini, na redio yake ilikuwa nzima, mwanawe Leodgar akimletea betri mpya kila aendapo safari. Nusu ya mtaa ilikaa kwake jioni. Bi Saumu hakwenda. Alikuwa amesikia kwamba Veneranda aliwaambia watu heri yule mama aweke matanga ya mwanawe, apumzike. Siku ile ile Bi Saumu alimwambia kupitia ukuta, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba mguu wake hautakanyaga ua huo mpaka Asia mwenyewe aje amshike mkono amwingize.

Ndipo Nuhu, mpwa wa marehemu Swaibu, akamletea betri la lori lake lililokufa injini. Lilikuwa la aina ya zamani, lililomiminiwa lami juu. Akamwita Dismasi, fundi redio wa Gungu, naye akapiga msumari kwenye lami ile mpaka ukagusa madini ya risasi yaliyo chini. Waya mmoja akaufunga kwenye kichwa kimoja cha betri, wa pili kwenye msumari, na zote mbili akazipeleka nyuma ya redio, pale penye tundu la kuingizia umeme wa nje. Redio ikanguruma.

Dismasi alimweleza polepole, kama anayemweleza mkwe. Betri hili lina vyumba sita. Redio yako inatoshwa na vyumba vitatu, ndiyo maana nimekatia hapa katikati kwa msumari.

"Usije ukauhamisha huu waya ukaupeleka kichwa cha mwisho, bibi. Utaiua."

"Mwanangu, redio hii nimeilisha kabla hujazaliwa."

"Uliilisha betri ndogo, bibi. Hili ni la lori."

Bi Saumu akamwambia amesikia. Na kweli alikuwa amesikia.

Tangu hapo akawa wa kutazamwa. Aliiweka redio dirishani, akaifungulia mpaka mwisho, ili ua wa pili wajue. Kila jioni alisikiliza amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda mahali. Majina yakaja, ya akina Regina, ya akina Anatoli, wazee waliopoteza wake, watoto wasiojua majina ya baba zao. La Asia halikuja.

Jioni moja likaja.

"Asia binti Swaibu, wa Uvira, anamtafuta mama yake, Saumu, wa Ujiji. Asia yuko pamoja na watoto wake, kambi ya..."

Hapo sauti ikaanza kuzama. Ilizama kama zilivyozama sauti za mbali siku zote, zinavyokwenda na kurudi, lakini Bi Saumu hakuona hivyo. Aliona redio ina njaa. Mkono ukatangulia mbele ya akili. Ukaung'oa waya kwenye msumari na kuugusisha kichwa cha mwisho.

Redio ilitoa mlio mmoja, kisha moshi mwembamba wenye harufu ya mpira ukapenya pale penye spika. Kimya. Akaurudisha waya kwenye msumari. Akaipiga ubavuni. Akaiinamia akaiita kwa jina la mwanawe.

Ua wa pili ulikuwa umelipuka kwa vigelegele. Alipovisikia alitoka mbio bila viatu, kiapo kikabaki ndani, na mlangoni kwa Veneranda wakakumbana, maana Veneranda naye alikuwa anatoka kumfuata.

"Mama Asia, umesikia? Yuko hai!"

"Nimesikia. Kambi gani?"

Veneranda akamtazama. "Si ulikuwa na redio wewe? Tulidhani wewe umeshika."

"Yangu imekufa. Kambi gani, mama Leodgar?"

Ikawa kuulizana. Sauti ilizama kidogo, wakasema, ikarudi yenyewe, na hapana shaka kambi ilitajwa. Lakini lilipotoka jina la Saumu wa Ujiji, nyumba nzima ilisimama, huyu anapiga kigelegele, huyu anamkumbatia huyu. Mmoja alisema Kasulu. Mwingine alisema Kibondo, kisha akasema hana hakika. Veneranda alikaa chini pale mlangoni akalia, akisema ni furaha yake ndiyo iliyoharibu.

Dismasi aliifungua redio akaifunga tena. Mjini, ofisi inayopeleka majina redioni, walimjibu Bi Saumu kwa adabu kwamba makambi ni mengi, na akina Asia ni wengi, asubiri, jina litasomwa tena. Nuhu akaja akalichukua betri lake, msumari ungali umesimama kwenye lami.

Sasa kila jioni Bi Saumu hukaa kwenye mkeka wa Veneranda, mahali alipowekewa, karibu kabisa na redio. Chai akipewa anakunywa. Majina yanasomwa, ya watu wengine. Na sauti inapoanza kuzama, mikono yake huinuka yenyewe kuelekea redioni. Huirudisha mikono, akaikalia, akangoja.