Mama Chapuchapu na Majogoo wa Maabara

Mama Chapuchapu alikuwa mchinjaji wa kuku wa maabara, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kisu chake. Jogoo akishakatwa shingo, kabla miguu haijaacha kurusha mateke, mama keshapasua kifua, keshakata kipande cha kidari, cha paja, cha moyo na cha ini, vyote vimezama kwenye pipa la baridi linalofuka moshi.

Haraka ya nini, mtauliza. Jeni za kujenga msuli zimo mwili mzima wa kuku, ila kidari huziamsha, ini huziacha zisinzie. Watafiti walitaka kujua zipi ziko macho wapi, na nyama ikichelewa, dalili hupotea. Tena jogoo sharti afe ametulia. Akihangaishwa kabla, msuli huvurugika, na majibu nayo.

Mshika kuku alikuwa mdogo wake wa mwisho, Kifua Mbele. Kazi hiyo Mama ndiye aliyemwombea.

Basi majibu yakaanza kutoka ovyo. Daktari wa kuku akamwita Mama Chapuchapu. "Mama, kuna mtu anawasumbua hawa ndege. Kundi la leo likiharibika, nyote wawili mkatafute kazi kwingine."

Mchana akasikia kelele nyuma ya stoo ya chakula cha kuku. Walinzi wameinama duara. Katikati, majogoo wawili wa maabara wanararuana. Mmoja jicho linaning'inia, mwingine shingo haina ngozi. Kifua Mbele anapiga makofi: "Mng'oe! Mng'oe!"

Mama akaingia kati. Akanyakua mmoja, akakata. Akanyakua wa pili, akakata. Damu ikawarukia walinzi usoni, wakatawanyika.

"Dada, umeniulia bingwa!"

"Bingwa wako ananipokonya tonge mdomoni!"

Ngumi ya kijana ikamng'oa Mama jino. Akalitema, akamshika mdogo wake kosi, akambamiza ukutani mpaka lipu ikamwagika. Kijana akachomoa kisu. Mama akamwangusha, akamkanyaga mkono. Ukalia kama kuni kavu.

"Umenivunja, dada!"

"Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi leo sili. Toka!"

Hakubaki wa kumshikia kuku. Akaketi chini, akambana jogoo kati ya magoti, akamfunika macho kwa upindo wa aproni mpaka akatulia tuli. Damu ya jino ilimchuruzika kidevuni. Akageuza uso, isije ikaingia kwenye nyama. Kisu kikapita.

Majibu ya kundi lile yalitoka safi. Kazi ikabaki yake. Mdogo wake hamsalimu hadi leo, na kuku Mama anawashika mwenyewe, kwa magoti.